Sola Upande wa Mlima

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Feza,

Leo tena nimenyoa nusu ya mtaa, na mimi mwenyewe nywele zimefunika masikio. Wateja wapya wanasita mlangoni. Kinyozi mwenye kichwa kama kichaka! Wa zamani wanajua kwamba niko katika kilio. Wanakaa kwenye kiti kama kawaida. Nawashukuru.

Siku ya kuondoa kilio imepangwa. Jumamosi hii, kwenu, mbele kidogo ya Mboko. Mdogo wako Asukulu amepiga simu. Mama yako ndiye atakayeweka mkono wa kwanza kwenye nywele zangu, kama desturi ya kwenu inavyotaka. Kisha ndugu zako wanamalizia, kisha ukoo wote unanyolewa. Asipoweka mkono, kilio hakiondoki. Nitarudi Uvira na kichaka changu.

Naogopa. Mama hakukuona ukizikwa. Mto ulikuwa umekata barabara, magari hayakupita, na sisi hatukuweza kungoja. Tangu siku ile hajasema nami. Asukulu akipiga simu nasikia sauti ya mama kwa nyuma. Nikisalimu, inanyamaza.

Asukulu ameomba nije na mashine ya kunyolea. Kule hakuna umeme, na watu hawataki tena wembe mmoja upite vichwa vyote. Ana haki. Lakini mashine bila umeme ni jiwe.

Naenda kwa baiskeli. Wenzangu wanasema nipande pikipiki. Sijui kuwaeleza. Barabara ile tuliizoea wawili, wewe nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, umeshika shati langu. Kwa pikipiki ningepita kila kitu bila kukiona.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Kuchagua umeme. Imenichukua siku.

Betri ya pikipiki ina nguvu, lakini ni nzito, na maji yake makali yangemwagika kwenye mawe ya barabara yetu. Hapana. Dinamo ya gurudumu inawasha taa tu, ukisimama inazimika. Hapana. Pawabenki peke yake ni nzuri, lakini ikiisha imeisha. Mwisho: pawabenki pamoja na sola ndogo ya kukunja, ile inayofunguka kama kitabu. Mashine yangu ndogo inakubali waya wa simu. Ile kubwa ya kuchomeka ukutani inabaki kazini.

Sola ni ya Masumbuko. Unamkumbuka, yule wa Mutarule anayeleta nyanya mjini kwa baiskeli. Amenipa bila kuuliza nitairudisha lini. Ameifunga mwenyewe kwenye mzigo, upande wa kulia.

"Kwafere, iache ku mukono wa kuume," alisema; kinyozi kwake ni kwafere siku zote. "Jua ya asubui iko bado na usingizi. Ile ya mangaribi njo iko na nguvu. Minye nimejaribu miaka yote."

Kisha akanitazama kichwa. "Na weye ukimbie mbio. Ndege asikutagie mayai mule."

Nimecheka. Kidogo, lakini nimecheka. Mungu ambariki.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Mizigo. Mpira wa ndani wa akiba. Viraka, gundi, pampu, spana. Kamba zilizokatwa kutoka mipira ya zamani, maana bila hizo hakuna kinachokaa kwenye keria. Mashine ndani ya plastiki mbili kwa sababu ya vumbi. Mafuta yake. Maji. Mkate. Shati jeupe.

Nimefungua mfuko nikapunguza. Nikafungua tena, nikapunguza. Ulikuwa unasema nikienda Makobola nafunga mizigo kama mtu anayehama nchi.

Sina hamu ya kula. Sijui nitamwambia nini mama yako. Nimejaribu maneno mbele ya kioo cha kazini. Yote ni mabaya.

Alhamisi, tarehe 11 Julai. Makobola

Nimeondoka kabla ya watu wa soko. Ziwa kushoto, mlima kulia. Mchanga, mawe, tena mchanga. Ndagala, dagaa wetu, wameanikwa kila mahali, harufu ile uliyokuwa ukiivuta kwa nguvu ukisema sasa tumekaribia nyumbani.

Tairi la nyuma lilipasuka kwenye kokoto. Nimeziba. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo alinishikia baiskeli, akanipa na muhogo. Hakutaka jina langu. Aliona nywele, akasema pole.

Nimefikia kwa Mama Zawadi, mwenzako wa kwaya aliyeolewa huku. Amenipa chumba, maji ya moto, samaki.

Habari mbaya ni hii. Nimefungua pawabenki: karibu tupu. Ilikuwa nusu tu nilipoondoka, kwa sababu umeme wa mji ulikatika, nami niliitegemea sola. Sola haikuleta kitu. Nimekaa kwenye jiwe nikafikiri mpaka nikaelewa. Masumbuko anasafiri kwenye bonde. Kule mlima uko mbali, jua la jioni linakaa. Huku kwetu jua linatoka ziwani, na mchana ukipinda kidogo tu mlima unalimeza. Asubuhi yote sola imelala kwenye kivuli cha mzigo, inatazama mlima. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huu! Nimekubali neno la mtu wa bonde bila kuinua macho.

Halafu Mama Zawadi akaja na simu yake, ya mume wake, na ya jirani.

"Papa, mule mungali moto kidogo? Simu zetu zote zimekufa."

Nimekula samaki wake. Ningekataaje? Nimezichomeka. Umeme uliobaki umekwisha. Ndani ya mashine yenyewe kuna moto kidogo. Sijui kiasi gani.

Sijamkasirikia. Nimejikasirikia.

Ijumaa, tarehe 12 Julai. Kwenu

Nimehamisha sola upande wa ziwa. Taa ya kijani imewaka kabla jasho halijatoka. Nimeendesha polepole kusudi, nikasimama mahali wazi, nikageuza baiskeli kufuata jua kama mtu anayegeuza nguo kwenye kamba. Watoto wa shule walinicheka. Lakini ilibidi kuchagua: kukaa juani au kufika kabla ya jioni. Mkwe hafiki gizani. Nimesukuma.

Kabla ya Mboko mlima umeshachukua jua. Pawabenki imepata kidogo, nimeimimina yote kwenye mashine.

Asukulu alinipokea barabarani, akachukua baiskeli mikononi mwangu. Kilichoniumiza: mama yako hakutoka nje. Riziki, dada yako, aliniletea ugali na sombe, majani ya muhogo ya kutwangwa. Alisema mama amepika mwenyewe. Nimekula yote. Sijui maana yake. Labda ni chakula tu cha mgeni.

Nimemsikia mama yako akikohoa nyuma ya ukuta. Nimekohoa pia. Ujinga.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Lazima niandike yote, hata mkono ukichoka.

Walinikalisha kwenye kigoda uani, asubuhi, ukoo wote pembeni. Mama yako alikuwa kwenye mkeka wake, mgongo ukutani. Asukulu alimwita. Hakuinuka. Alisema neno moja tu: "Muanze."

Wazee walitazamana. Nilitazama chini. Nilijua basi, imekataliwa. Asukulu alingoja, mwisho akawasha mashine na kuanza upande wa kushoto. Nywele zilianguka magotini. Sikusikia chochote isipokuwa ile sauti ya mashine. Kisha sauti ikashuka. Ikashuka tena. Katikati ya kichwa ikanyamaza.

Asukulu aliitikisa. Akaipiga kiganjani. Mimi kinyozi, nimekaa na nusu kichwa, mbele ya wakwe zangu wote.

Riziki alivumilia, akashindwa.

"Yo, shemeki! Weye uko sasa sawa muhindi wenye mbuzi amekula nusu!"

"Mbuzi mwenyewe ni Asukulu," akasema mjomba wenu.

Kicheko kikalipuka. Wanawake walishikana. Asukulu akalia "mee". Nami nilicheka, Feza, mpaka machozi, na sijui yalibadilika wapi kuwa machozi mengine. Na kupitia yale machozi nikaona mabega ya mama yako yanatikisika. Alikuwa akicheka, na kitenge mdomoni.

Akainuka.

"Leteni wembe mupya," alisema. "Na maji. Muache, mutamuharibu. Minye njo nitamaliza."

Aliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa changu. Mkono wa moto, mzito. Alianza kunyoa. Wembe unakwenda polepole, mashine ingekuwa imemaliza zamani. Watu walirudi kwenye mambo yao. Tulibaki wawili.

"Alivaa nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Nilimwambia. Gauni la kwaya, na kilemba cheupe, na soksi, maana miguu yako ilikuwa inapata baridi siku zote.

"Njo vile. Tangu mutoto, miguu yake iko baridi."

Wembe haukusimama. Aliuliza nani alikuosha. Nani aliimba. Kama mvua ilinyesha. Kama ulilazwa ukitazama ziwa. Nilijibu moja moja. Yale maneno ya kioo hayakuhitajika hata moja. Alitaka kuona tu, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Alidhani mimi sitaki kusema. Mimi nilidhani yeye hataki kusikia.

Alipomaliza alinimwagia maji, akanipangusa kwa kitenge chake mwenyewe, nyuma ya masikio, kama mtoto.

"Mukwe, kilio kimetoka," alisema, kwa sauti ya watu wote kusikia.

Sola nilikuwa nimeitandaza juani tangu asubuhi, ikitazama ziwa. Mchana mashine ilikuwa na nguvu ya kutosha. Nimewanyoa wote mwenyewe, wazee kwanza. Asukulu nilimwachia ukanda katikati kwa muda ili Riziki apate mwingine wa kumcheka.

Asante.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Misa, kisha uji. Mama yako amenikalisha karibu naye. Alinionyesha mahali ulipopenda kuteka maji, jiwe pana lililoingia ziwani kidogo. Nimeketi pale sasa. Upepo wa ziwa unagusa ngozi ya kichwa changu. Ni baridi, ni vizuri. Wavuvi wanavuta nyavu pwani na kuitana majina.

Kesho naondoka. Leo sina haraka. Nimekushukuru kwa miaka tuliyoishi, na kwa watu hawa ulioniachia.

Feza, huko uliko, nami unikumbuke.