Wembe Ulionipa Mbele ya Ukoo

Wifi yangu, Mama Holo,

Sikuulizi hali, najua umepumzika. Sisi hapa Kishapu tu wazima, pamba imechanua na mumeo ameanza kula tena. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Ile elimu ya watu wazima uliyonisukuma niende, ukinitania kwamba napenda umbea kuliko herufi, imenisaidia.

Nataka kukushukuru. Ulipokuwa hai niliona aibu.

Unakumbuka nilivyomnyoa Holo nywele kabla ya mvua. Haukupita muda akaanza kulia kichwa, akawa anatapika kila asubuhi na kuyumba akitembea. Tukampa klorokwini, wapi. Hospitali kubwa daktari akawaambia ni uvimbe kwenye ubongo. Watoto wanaoupata ni wachache sana, alisema, lakini wapo kila nchi, na hakuna mtu aliyemtia ugonjwa huo.

Tulipomzika, watu wakang'ang'ania lile neno, wachache. Kama ni wachache, kwa nini kwetu? Lazima yupo aliyemchagua. Wakakumbuka zile nywele nilizomnyoa, wakasema nilizirogea, wakayatazama macho yangu, mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe ninachopikia, wakaona ya mchawi. Mumeo, mdogo wangu wa tumbo moja, akatafuta kifaranga cha kumpelekea mfumu, mganga wa ramli, akipasue, asome humo jina la mchawi. Wifi, unajua lingetoka jina gani. Na unajua huku kwetu mwanamke akishatajwa hufanywa nini.

Siku ya kunyoa matanga, ukoo mzima umekaa, ukaja na kigoda ukakiweka mbele yangu. Ukanipa wembe.

"Ninyoe wewe, wifi," ukasema. "Daktari alisema huwapata wachache. Mwanangu alikuwa mmoja wao, basi."

Nilikukata nyuma ya sikio, na hukutikisika. Nilipomaliza, mumeo akainuka, akaenda kukifungulia kile kifaranga. Nililia sana siku ile, watu wakadhani namlilia Holo peke yake.

Mtoto alikuwa wako, uchungu ulikuwa wako, na bado ukanifikiria mimi. Niko hai kwa sababu yako. Asante, wifi. Asante.

Tangu homa ilipokuchukua, Kabula, mdogo wake Holo, yuko kwangu. Ana maneno mengi kama wewe, na uji hamwachii mtu. Siku moja atasikia ya mtaani, aje aniulize nani alimuua dada yake. Nakuahidi nitamkalisha nimweleze ugonjwa ule, kisha nimwambie hakuna mtu.

Lala salama, mama.

Wifi yako,
Nyamizi