Sauti ya Yahya Kutoka Juu ya Paa

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka, nakuamkia kwa Kisukuma chetu. Magoti yanasemaje siku hizi? Na mpunga wa shamba la Mwamkulu, mmeuwahi wote au ndege wamewatangulia? Minza mdogo wangu, wewe unayemsomea Mayu, soma polepole na usiruke pale ninapokutaja.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku Uingereza imepungua kidogo. Ugali nasonga mwenyewe. Unga wao hauna utamu wa kwetu, lakini tumbo halilalamiki.

Mayu, uliniuliza kwenye simu, "Mambo ya Waarabu wa zamani yanatuhusu nini sisi watu wa Kakese?" Sikukujibu vizuri. Ngoja nikusimulie yaliyotokea.

Kila mwaka wasomi wa historia ya Uarabuni, wanaofukua miji ya kale na wanaochunguza lugha na desturi za kule, wanakutana na kila mmoja anaeleza alichokipata. Safari hii walikutana hapa chuoni kwetu. Mimi nilipangiwa kupokea wageni tu. Aliyetakiwa kuzungumza ni Yahya, yule Myemeni niliyesoma naye, ambaye kutoka nyumbani kwake nililetewa supu nilipougua. (Usianze, Mayu! Supu aliipika mkewe.) Baadaye walirudi kwao kumtunza mama yake.

Yahya amechunguza lambo la kijijini kwao, milimani. Siyo la udongo kama tunaponyweshea ng'ombe. Hili limechongwa kwenye mwamba na kujengewa ukuta wa mawe, lina maandishi ya kale, na mpaka leo wanawake wanachota humo. Ukuta umeanza kubomoka. Alitaka wasomi walijue, pengine apatikane wa kusaidia kuukarabati. Lakini viza alinyimwa. Siku hiyo alinipigia, akasema, "Kabula, nisomee wewe karatasi yangu."

Nilikataa. Nikamwambia mimi nasomea mifupa ya ng'ombe wa kale, malambo siyajui, na Kiarabu changu ni cha salamu tu.

"Wewe umekulia wapi?" akaniuliza. "Hujui shida ya maji?"

Nikakukumbuka unavyorudi na ndoo kichwani wakati wa kiangazi, kabla hatujachimbiwa kisima. Nikakubali.

Akawa ananitumia sauti yake akitamka majina ya mahali, na mimi narudia mpaka koo linauma. Kuna siku alicheka akasema, "Hapo umeutukana mlima wetu."

Siku yenyewe nilivaa kile kitenge ulichonipa. Ukumbi ulijaa. Nikasoma. Yahya alikuwa anasikiliza kwa simu, amepanda juu ya paa la nyumba yao maana ndiko mtandao unakoshika. Nilipomaliza, mzee mmoja anayeheshimika sana akainua mkono.

"Mawe yenye maandishi yanaweza kuletwa kutoka sehemu nyingine," alisema. "Mmejuaje kwamba lambo lenyewe ni la kale?"

Kwenye karatasi ya Yahya jibu halikuwemo. Nilitamani kubuni jibu, lakini kazi haikuwa yangu. Nikasema, "Mwenye kazi yupo, tumuulize," nikaisogeza simu kwenye kipaza sauti.

Kwanza aliwika jogoo. Ukumbi mzima ukacheka. Halafu Yahya akajibu, ametulia kabisa: "Maandishi hayapo kwenye mawe ya ukuta. Yamechongwa kwenye mwamba wenyewe, chini ya plasta ya zamani. Mwamba hauhamishwi." Yule mzee akatikisa kichwa kukubali, anatabasamu.

Mara tukasikia mwanamke anaongea Kiarabu cha harakaharaka. "Samahani," Yahya akasema, "ni mama yangu. Anauliza huyo binti ni wa nani."

Mbele ya wote nikajibu, "Mwambie ni wa mama mmoja mkulima wa mpunga, wa Kakese, Mpanda."

Watu wakapiga makofi, na hapohapo simu ikakatika.

Tukiwa kwenye chai akapiga tena, sauti imemnyong'onyea. "Mwisho sikuusikia. Hawakuipenda kazi yangu?"

Nikamfuata mwenyekiti wa kikao nikamweleza. Akagonga kijiko kwenye kikombe, mimi nikainua simu juu, na wale maprofesa wakaweka vikombe chini wakapiga makofi upya, kwa nguvu kuliko mwanzo. Nilimsikia Yahya analia.

Mama mmoja wa makumbusho amechukua namba yake. Kuhusu ukuta bado hatujui, ila kazi yake itachapishwa kwa jina lake.

Msalimie Baba, mwambie sigara nimesikia bado anavuta. Mjomba Masanja na ng'ombe zake, shangazi wa Ilembo, mchungaji wetu na kwaya yote, nyie wote nawakumbuka. Minza, hongera kwa cherehani. Nguo ya kwanza iwe ya Mayu.

Kabla sijafunga, kuna salamu zako. Mama yake Yahya amekurekodia sauti kwa Kiarabu. Mimi nimeambulia kwamba anakuombea afya, na kwamba binti yako ni binti yake. Nimeituma kwenye simu ya Minza. Isikilize, halafu na wewe umjibu kwa Kisukuma chako hivyohivyo. Mwambie habari za mvua, za watoto, za magoti. Mimi na Yahya tutatafsiri, ingawa nadhani atakuwa ameshakuelewa kabla hatujaanza.

Mwanao akupendaye,
Kabula