Nilisoma Siku ya Kufungia Vitabu

Jumanne, 23 Oktoba

Baba kanisikiliza mashairi ya kale tangu asubuhi. Ualimu wa Kimalayalam, lugha yetu, kastaafu zamani, lakini mguno wake haujastaafu. Nikikwama, hmm! Basi moyo unashuka hadi magotini.

Mwaka jana kwenye karatasi ya fasihi ya Kimalayalam, somo nililolichagua mwenyewe, kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Niliandika namba ya swali, chini yake sikuandika kitu. Nikaanguka. Mwaka huu ndio mwisho wangu, umri wa kufanya mtihani wa utumishi serikalini unaishia hapa. Nikianguka tena, basi, siwi ofisa maisha. Naogopa. Kwa nini nijifiche kwenye shajara yangu mwenyewe? Naogopa!

Jumatano, 24 Oktoba

Jioni hii vitabu vyote vimeingia chumba cha sala, mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu; ni sikukuu yake. Kitambaa cha hariri juu, maua, liwa ya msandali. Hakuna kusoma wala kuandika hadi Ijumaa asubuhi. (Hata haya ni kosa. Naandika chooni, kwa kipande cha penseli.)

Baba karudia yale yale ya kila mwaka: anayesoma siku hizi za sikukuu husahau hata alichokwisha kukijua. Ndivyo tulivyolelewa sote. Lakini nyimbo za mashujaa wa kaskazini sijazimaliza, na ndizo zilizoniangusha! Nimezichomoa kurasa zake kabla ya kukabidhi. Ziko chini ya godoro.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimesoma. Kwenye ngazi za bwawa letu, kurasa ndani ya taulo, eti naenda kuoga. Zimeingia kichwani vizuri ajabu — vizuri mno, nikaanza kutilia shaka. Mara huyo mdogo wangu Latika, ndoo ya nguo kiunoni.

"Ehee, Dada Girija! Siku hizi tunafua makaratasi?"

Nikamsihi asimwambie Baba.

"Mimi mdomo nimefunga. Mungu je? Atakufuta kichwa kama ubao. Hivi — fyuu!"

Kacheka hadi kakaa chini. Nami nilicheka, huku nikizifunga kurasa upya ndani ya taulo.

Ijumaa, 26 Oktoba

Vitabu vimefunguliwa. Kila mtu kaandika kwa kidole kwenye sinia la mchele, kama tulipokuwa watoto. Nilipofika mimi kidole kikatetemeka, herufi zikapinda. Baba kasema ni baridi. Baridi, hapa Ottapalam! Kanipa pepeta, ule mchele wa kupondwa, kwa nazi na sukari guru. Nimetafuna tu, sikusikia utamu.

Jumamosi, 3 Novemba

Baba kanitahini zile nyimbo za kaskazini. Nimejibu zote, sikukwama hata mara moja. Furaha yake! Kamwita Mama kutoka jikoni: "Njoo umsikilize mwanao! Hizi zikija, ofisa tunaye humu ndani!"

Nyuma yake Latika akanikonyeza, akapitisha kiganja hewani kama anayefuta ubao.

Mimi nina digrii ya fizikia. Najiambia huu ni upuuzi mtupu. Najiambia tena. Haisaidii.

Jumanne, 13 Novemba

Nimefika Trivandrum, makao makuu ya jimbo, kwa mtihani. Chumba cha wageni, feni inalia. Karatasi zote mbili za Kimalayalam ni kesho. Sijala.

Jumatano, 14 Novemba

Mapumziko ya mchana. Naandika haraka, nimekaa kwenye korido ya shule tunayofanyia mtihani.

Karatasi ya asubuhi imekwisha. Tulipewa uhuru wa kuchagua maswali, na juu kabisa ya yale ya kuchagua — nyimbo za mashujaa wa kaskazini! Yote nilikuwa nayo, mwanzo hadi mwisho. Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Mkono ukaganda. Nikawaza, hapa ndipo penyewe, nikifika katikati nitafutwa. Jasho. Nikaliruka. Nikajibu la tamthilia, ambalo nalijua nusunusu. Nusunusu!

Na sikusahau kitu. Hata sasa naweza kuliandika hapa jibu lote.

Kisha nikaenda kibanda cha simu kumpigia Baba. Katika maisha yangu sijawahi kusikia simu ikipokelewa upesi vile. Akataka nimsomee maswali moja moja. Nilipofika lile akapiga ukelele, nikamsikia akimwita Mama: hilo letu, hilo letu! Halafu akarudi kwenye simu. Akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuijua kwake:

"Umelijibu, mwanangu?"

Nikasema nimelijibu, Baba. Lote.

Alikuwa analia. Baba yangu! Kasema anakwenda hekaluni sasa hivi kushukuru, anaogopa kuchelewa, mlango hufungwa mchana. Nikamwambia subiri kwanza, Baba, subiri jioni — alikwisha kukata.

Kengele. Wenzangu wanaingia. Karatasi ya pili, na mkono umeanza kuganda ten—