Gari la Bwana Tak Limesajiliwa Nyumbani Kwetu

Mpendwa mshauri Bi Hwangbo,

Shika kiti kwanza, halafu nisaidie, maana mkutano ni Alhamisi na mimi sina hali. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, meneja wa nyumba za ghorofa hapa Cheongju, mtu mzima ninayeheshimika, ninayewaandikia watu onyo wakianika pilipili kwenye ngazi, na sasa nakuandikia nikicheka peke yangu kama mwali.

Majira ya kuchipua tulifunga geti jipya lenye kamera inayosoma namba za gari, gari la mwenyeji likifika kizuizi kinanyanyuka chenyewe na sauti ya mwanamke inasema "Karibu nyumbani", lakini la mgeni linasimama, na wageni ni pamoja na madereva wote wa vifurushi, basi dereva anabonyeza namba ya nyumba na kungoja ajibiwe, na mwenye nyumba yuko kazini, anabonyeza nyingine, na nyuma yake malori yamejipanga hadi barabarani.

Miongoni mwao yuko Bwana Tak. Umri wetu mmoja, aliachana na mkewe zamani, na ni mtu anayewasalimia hata paka wa chini ya ngazi kwa lugha ya heshima. Siku moja ya mvua zile za mwezi wa saba nilimwona kwenye skrini ya ofisi, mkono nje ya dirisha, anabonyeza na kubonyeza, shati limemganda mwilini, naye anaimba! Bi Hwangbo, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikasajili namba za gari lake. Mtambo una nafasi mbili tu, mgeni au familia ya mwenyeji, na ukisema familia unaulizwa familia ya nyumba ipi, nikaweka yetu, ninakoishi na mama.

Nilichosahau ni kwamba mtambo hutuma ujumbe kwa mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni mama, ana miaka themanini, na tangu nifiwe anangoja mtu aje. Kesho yake simu yake ikalia: "Gari la familia yako limewasili." Mama akapaka rangi ya mdomo.

"Gyu-ri, gari la familia ni la nani?"

"La vifurushi, mama."

"Sikuuliza limebeba nini. Nimeuliza ni la nani."

Siku iliyofuata alishuka chini na sahani ya chapati za kimchi, kabichi yetu iliyochachishwa kwa pilipili, za moto, akamsimamia Bwana Tak kando ya lori.

"Kula, mwanangu, umekonda."

"Mama, kwani unanijua?"

"Simu inakujua. Yatosha."

Sasa anashuka kila siku, na Bwana Tak anamwita mama kwa mdomo uliojaa chapati. Juzi nilikutana naye kwenye lifti, amekumbatia katoni ya maji, akaniambia, "Bi meneja, geti lenu linanipenda. Kwingine kote nasubiri, hapa naambiwa karibu nyumbani. Nikiisikia ile sauti natamani nigeuze lori nitoke, niingie tena." Kwa kuwayawaya nilibonyeza vitufe vyote vya lifti, tukasimama kila ghorofa hadi ya mwisho, milango inafunguka, hakuna mtu, inafungika, na hakuna kati yetu aliyelalamika.

Lakini Bi Pyo, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, ana dirisha linalotazama getini. Alikuja ofisini na mwavuli wake.

"Madereva wengine wanalowa kwenye foleni, huyu anapita kama bwana harusi. Kwa nini?"

"Nitaangalia mtambo, Bi mwenyekiti."

"Angalia. Kama ofisi ina kipenzi chake, Alhamisi tunapiga kura. Malori yote yabaki nje, wasukume mikokoteni."

Mlima wa kwetu unamtoa jasho hata mbuzi, na madereva wengine magoti yao yamekwisha. Yaani kwa ajili ya moyo wangu mmoja, wanaume wote hawa wapandishe magunia ya mchele kwa miguu! Nifute namba kimyakimya na kusema kamera ilikosea? Mama anasema nikifuta anahama. Na je, Bwana Tak ananipenda, au anapenda chapati?

Ni mimi, Nisiyejiweza.

*

Dada yangu Usiyejiweza,

Nimecheka hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji. Sasa nimemaliza. Kaa vizuri.

Ulipewa ufunguo wa geti la watu wote, ukautumia kumfungulia mmoja. Kumhurumia aliyelowa si kosa. Lakini aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikuwa na mwavuli? Yeye hakuzaliwa na mama? Tena usithubutu kuisingizia kamera. Kamera ilisoma ilichokiona na mtambo ukaandika ulichouambia. Njia ya mwongo ni fupi, na Bi Pyo ana dirisha na nafasi ya kutosha.

Leo hii mtoe Bwana Tak kwenye familia. Halafu mpigie fundi aliyefunga mtambo, mwambie aongeze nafasi ya tatu, ya vifurushi. Madereva wote wanaokuja kwenu wasajiliwe, jina na namba za gari. Kizuizi kiwanyanyukie chenyewe, isipokuwa saa watoto wanapokwenda na kutoka shule, na ndani waende mwendo wa kobe. Bi Pyo si mchawi. Anaogopa lori na mtoto kukutana, na hofu hiyo ni ya haki. Mpe jibu lake.

Mkutanoni simama wewe kwanza kabla hujasimamishwa. Sema, "Nilikosea, nilimpendelea mmoja, na huu ndio utaratibu wa wote." Habari za moyo ziache nyumbani, hazimo kwenye ajenda.

Kuhusu Bwana Tak, mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine, kisha mwalike siku yake ya mapumziko. Unauliza anapenda nini? Mla chapati hushukuru akaenda zake. Anayetaka kutoka ili akaribishwe tena, huyo hana njaa. Mapenzi ni kikohozi, dada, na wewe umeshakohoa mbele ya mtaa mzima.

Mama mwache. Hahami.

*

Wasomaji wangu, kwa sababu ya mkutano ule jibu hili nilimpelekea mwenyewe mapema. Haya ndiyo aliyoniandikia baadaye, nami nayachapisha kwa ruhusa yake.

"Bi Hwangbo, nilisimama. Nikasema yote uliyoniagiza. Bi Pyo akauliza, 'Lakini kwa nini yeye?' Kabla sijafungua mdomo, mama, aliyekaa mstari wa mbele, akainuka. 'Kwa sababu alikuwa analowa! Na wewe Pyo, kabichi zako za kimchi zililetwa na nani, kunguru?' Watu wakavunjika mbavu, Bi Pyo naye akaficha uso nyuma ya mwavuli, mabega yanamtikisika. Aliomba saa za watoto ziongezwe kidogo, tukaongeza, kisha akanyoosha mkono wa kukubali kabla ya wote. Sasa malori yote yanapita. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na kwa kuwa maonyo huandikwa na meneja, nililiandika mwenyewe, kali sana.

Bwana Tak nilimwambia kando ya lori, asubuhi ileile ya mkutano, kwamba mimi ndiye niliyemwandika familia ya nyumba yetu. Akauliza, 'Nyumba ni ipi?' nikamwambia, akapanda lori akaondoka, na mimi sikula siku mbili.

Jumapili kengele ya mlango ikalia. Nilikuwa jikoni. Mama akafungua, na pale nje amesimama Bwana Tak, hana kofia ya kazi, nywele zimechanwa kwa maji, mkononi kasha la mapeasi.

Mama akamkagua juu hadi chini. 'Wewe ndiye mkwe?'

'Bado, mama,' akasema. 'Sijaulizwa.'

Wakageuka wote wawili wakanitazama, na mimi nimesimama na upawa mkononi, supu inanidondokea mguuni.

Nikauliza."