Unatembea na Nani?

Jumanne, 4 Machi

Darasani, ghorofani juu ya duka la dawa. Tumeanza sura ya michezo na mazoezi. Mwalimu wetu wa Kihispania – binti mdogo, ningeweza kumzaa – alituzungukia mmoja mmoja: unacheza nini, wapi, mara ngapi, na nani. Dereva wa lori akasema anafanya yoga kila asubuhi. Tumbo lake likamkana hapo hapo. Yule muuza bima, Bwana Bima namwita, eti anapanda milima. Mimi nikasema ninaogelea, kwa sababu nadar ni neno fupi. Bwawa naliona kwenye kalenda tu.

Baadaye nikamwambia mwalimu kwamba nimesema uongo. Akacheka. Hapa hatutafuti ukweli, mama, akasema, tunatafuta sentensi.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi nyingi dukani kwa dobi. Mashati ya watu wa benki. Kola kwanza, kisha mabega, mikono, mgongo mwisho. Kila shati na kitenzi chake. Corro, ninakimbia. Salto, ninaruka. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza dua gani hiyo isiyokwisha. Nikamjibu kwamba ninakimbia. Akaitazama miguu yangu, imevimba kama ada, akairudia pasi yake kwa heshima.

Watu wananiuliza lugha ya nini uzeeni. Kitinda mimba wangu ameolewa mbali, kwa watu wa lugha hiyo. Tangu harusi yeye ndiye mkalimani wangu kwa mama wa mumewe. Mkwe mwenzangu akisema maneno mia, mwanangu ananipa matano. Nimechoka kula makombo.

Jumapili, 9 Machi

Leo mkwe mwenzangu kapiga simu ya video mwenyewe, bila mkalimani. Kitinda mimba ana kazi, nadhani ndivyo alivyosema. Tulitazamana kwanza kama watu waliokutana kwenye foleni. Nikaona nitoe akiba: ninaogelea. Akapiga makofi, maskini. Yeye anatembea, kila asubuhi, kando ya mto. Caminar. Akainua mguu hadi kwenye kamera nione msuli. Msuli upo! Tukacheka sana. Maneno yetu yote yalikuwa ya mazoezi, na yalitosha.

Jioni kitinda mimba naye akapiga. Sauti tu. Picha haifunguki, mtandao mbaya. Nikamuuliza kama bado anaendesha baiskeli na mumewe Jumamosi. Tunaendesha, mama. Alijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Kifungua mimba alipita kula. Nikamwambia dada yake siku hizi hafungui picha. Akasema mambo ya Ngoswe nimwachie Ngoswe mwenyewe. Akaongeza mchuzi.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu ametupa antes na ahora. Zamani na sasa. Zamani nilicheza hiki, sasa nacheza kile. Bwana Bima kashuka milimani, sasa anapiga mbizi.

Zamu ya dereva. Zamani nilicheza mpira, akasema, sasa ninatazama. Akagusa kiuno. Hakuna aliyecheka. Nadhani ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli katika chumba kile.

Jumapili, 16 Machi

Niandike taratibu.

Mkwe mwenzangu kapiga tena. Nikaanza na mafunzo yangu: unatembea na nani? Akageuka nyuma kidogo, akanirudia. Zamani, peke yangu. Sasa, na binti yako.

Nikauliza mara ngapi. Kila asubuhi.

Sasa kitinda mimba na mumewe wanakaa ng'ambo ya pili ya mji. Alishaniambia mwenyewe, kwenda kwa mama mkwe ni safari ya basi mbili. Hakuna mtu anayepanda basi mbili alfajiri kwenda kunyoosha miguu na mama mkwe. Analala pale pale.

Nikauliza: na mwanao? Nilimwona anatafuta neno ambalo ningelijua, kama mimi ninavyotafuta. Hakulipata. Akainua mkono juu, wima, vidole pamoja, kama refa. Kadi nyekundu. Amemtoa nje mwanawe wa kumzaa. Hakutabasamu.

Nilitamani iwe sentensi tu.

Nilitaka kuuliza amefanya nini. Amempiga? Tangu lini? Mwanangu anakula? Sura yetu haina maneno hayo. Nikauliza kama njia ya kando ya mto ina kilima. Akasema haina, ni tambarare. Tukaagana.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda darasani. Nimeunguza shati, la kwanza tangu nishike pasi ya mvuke. Mwenye duka alilikunja akaliweka pembeni, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Nina hasira. Si na yule mume, sijui alichofanya. Nina hasira na mwanangu, aliyebeba begi lake akampita mama mmoja kwenda kwa mama mwingine. Najua, bahari iko katikati. Lakini simu haina bahari. Angesema neno moja.

Na nina wivu. Nimwonee wivu mwanamke anayenihifadhia mtoto! Haya, nimeshaandika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Hawasemi wazazi wakiwa wawili inakuwaje.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kazini kwa miguu, na kurudi kwa miguu. Mwenzangu wa meza ya pili aliuliza nakimbizwa na nani. Magoti yanalalamika. Jumapili nikiulizwa, nataka niwe na sentensi moja ya kweli.

Jumapili, 23 Machi

Alipiga mapema. Nikamwambia: mimi pia, ninatembea. Kweli. Akauliza na nani. Sola, nikasema. Peke yangu.

Kisha akainuka na simu mkononi, ukuta ukapita, mlango ukapita, kabati. Akaielekeza chini. Kwenye mkeka wa mlangoni, jozi mbili za viatu vya mazoezi. Vile vipana ni vyake. Vya kijivu navijua. Kimoja kina kamba nyeupe, kingine kamba nyeusi. Ile nyeusi ni yangu. Siku kitinda mimba anaondoka ya kwake ilikatika tukiwa tayari mlangoni na mizigo, nikavua ya kiatu changu nikamfungia. Nikamwambia ukifika ununue nyingine.

Hajanunua.

Mkwe mwenzangu akasema espera, ngoja. Hilo tulifundishwa wiki ya kwanza. Akalaza simu mezani, akaondoka. Ndiyo maana naandika sasa hivi, simu yangu imeegemea kopo la sukari. Naona dari la watu. Taa moja ya mviringo, ufa mwembamba unaoanzia pembeni. Wanahitaji fundi.

Nawasikia chumba cha pili. Wanazungumza haraka, siambulii kitu. Nimesikia mamá. Halafu sauti ya kitinda mimba: no. Hilo halihitaji darasa. Mkwe mwenzangu kasema tena, taratibu, jambo refu. Nimezima redio nisikie vizuri.

Nyayo. Za mwanangu – anaburuta kisigino tangu alipojifunza kusimama, nilimgombeza mpaka nikachoka. Anakuja bila haraka. Nimepanga la kumwambia, nimelifuta, nimelipanga tena. Nitamuuliza njia ya mtoni ikoje. Basi. Mengine atayasema akitaka.

Amefika mezani. Hajaigusa simu. Namsikia anapumua. Simwiti.

Dari limeanza kusogea.