King'ora cha Ghorofa ya Tatu

Mpendwa Bi Mwahija, shikamoo. Naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Nilisema king'ora kimelia, na hakikulia.

Nimemaliza kidato cha nne, namsaidia mjomba, nimwite Yassin, kufunga umeme, tukapata kazi ya kengele za moto kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa tatu hapa Lindi, akaniuliza tuchukue za volti 12 au 24, "wewe si umesoma fizikia," nikasema 12 kwa sababu sola ya nyumbani ni 12 na betri zake zinapatikana hata Mingoyo, akacheka, "mtoto ana akili huyu," tukafunga. Siku ya kujaribu mwenye nyumba alifukiza udi chini ya kitambua moshi, ving'ora vya chini vikapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama, lakini kile cha juu nilikosimama mimi kikakoroma tu kama mtu mwenye mafua, mjomba akaniita toka chini, "We mama, kimelia?", nikaona haya, wote wananisubiri, nikajibu, "Kimelia, mjomba." Sielewi, betri ni mpya, waya ni mpya, umeme unapotelea wapi? Wageni wa harusi wanaingia Ijumaa. Nikisema, mjomba ataaibika, nisiposema, silali. Tafadhali, iwe siri yetu.

Binti wa Lindi

Marahaba, mwanangu. Nimemuuliza fundi ninayemwamini. Umeme wenu unachoka njiani. Kwa kazi ileile, volti 24 hutumia nusu ya mkondo, kwa hiyo waya mrefu haupunguzi volti sana. Sola ya nyumbani hutembea hatua kumi, hiyo yenu imepanda ngazi mpaka juu.

Kutojua si dhambi, na mjomba aliyemtwika mtoto uamuzi wa fundi ana lake la kujibu. Lakini "kimelia" ni uongo, na huo ni wako.

Leo hii mkalishe mjomba faraghani, umwambie: "Kile cha juu hakikulia, niliona haya." Mpime volti pale mwisho wa waya, ving'ora vyote vikiwa vinalia. Mkihamia 24, badilisheni na ving'ora na boksi la kuviendesha, msiongeze betri tu mkaviunguza. Mpaka hapo asilale mtu ghorofa ya tatu. Mjomba akisitasita, nenda kwa mwenye nyumba.

Jina lako nimelificha. Hiyo siri nyingine si yako wala yangu, ni ya watu watakaolala Ijumaa wakidhani kitalia.