Ugali wa Mwenye Nyumba

Marahaba, mjukuu wangu Ndahani. Huku Mvumi mvua imekataa, na ng'ombe wamebaki wawili. Unauliza kama mama yako anaugua, kwa kuwa bado anampakulia marehemu baba yako.

Wakati wa Mjerumani, askari walimchukua baba yangu kubeba mizigo ya vita. Wenzake wakarudi na habari ya kifo chake, lakini mama akaendelea kumwekea ugali. Jirani hawakubishana naye. Kila jioni mmoja alikuja, akasema, "Nipe ugali wa mumeo niule, usije ukawa kiporo." Baada ya mavuno mawili mama alisonga ugali mdogo, usio na sehemu ya baba, akalia, nao jirani wakamshika mikono.

Kula na mama yako ugali anaompakulia baba yako, mjukuu wangu. Nami bado nampakulia mwanangu huyo, ila jirani zangu wamehama. Asubuhi nawamwagia kuku.

Bibi yako